Shajara ya mradi: kuusimulia kwa Kiswahili msimu wa kwanza wa AFLW

Mei 4

Leo tumekata shauri. Tutausimulia kwa sauti, kwa Kiswahili, msimu wa kwanza wa ligi ya wanawake ya mpira wa Kiaustralia, ile AFLW iliyoanza Februari 2017. Sehemu saba, kila moja dakika kumi hivi, zitumwe kwenye kundi letu la WhatsApp la akina mama wa magharibi ya Melbourne. Tuko watatu: mimi naandika, dada mmoja wa Bukavu anasoma kwa sababu sauti yake inatulia masikioni, na kijana wa jirani anasafisha sauti kwenye kompyuta yake.

Sababu yetu ni mabinti. Jumamosi asubuhi utawakuta akina mama wamejipanga kando ya uwanja, khanga juu ya makoti, wanawatazama watoto wao wakiukimbilia mpira wenye umbo la yai, na hawajui kinachoendelea. Wengine wakishangilia nao wanashangilia. Miaka miwili nilikuwa hivyo hivyo. Mtoto anaingia kwenye gari jasho linamtoka, ana hamu ya kuizungumza mechi, na mama hana hata neno la kumuulizia.

Tumechagua 2017 kwa kuwa msimu wenyewe unashikika mkononi. Timu nane tu: Adelaide, Brisbane, Carlton, Collingwood, Fremantle, Greater Western Sydney, Melbourne na Western Bulldogs. Kila timu ilikutana na kila mwenzake mara moja, raundi saba, kisha timu mbili za juu zikaingia fainali moja kwa moja, hakuna nusu fainali. Ulianza tarehe 3 Februari, tarehe 25 Machi ukawa umekwisha. Kisa cha wiki nane, hata mtu mwenye zamu mbili kazini atakifuatilia.

Mei 12

Wiki nzima tumehangaika na maneno, wala sijaandika sentensi moja ya mechi.

Jina la mchezo halikutusumbua. Mabinti husema "footy" na mama zao wameshazoea kusema futi, basi ni futi. Goli nalo ni goli. Tabu ilianzia kwenye nguzo. Kila upande wa uwanja una nguzo nne: mbili ndefu katikati, mbili fupi nje yake. Ukiupiga mpira kwa mguu ukapita safi kati ya zile ndefu ni goli, pointi 6. Ukipita kati ya ndefu na fupi, unapata pointi 1. Hiyo pointi moja tuiiteje? Kijana alipendekeza "nusu goli", nikamkatalia, maana si nusu, ni sehemu ya sita. Dada akasema "mkoso". Nalo nikalikataa, kwa sababu aliyekosa kabisa hapati kitu. Mwisho tumekubaliana kuiita kando. Mpira umepita kando ya goli, lakini umehesabiwa. Matokeo tutayasoma hivi: "Carlton goli 7 kando 4, jumla 46." Msikilizaji akizidisha saba kwa sita akaongeza nne, hesabu inakaa sawa.

Bibi mmoja tuliyemsomea alisema tusijisumbue na hizo kando, tutaje magoli tu. Kwake pointi moja ni ya huruma, ya kumfuta mtu machozi. Nimeliandika neno lake pembeni ya daftari.

Neno lililonipa furaha ni la kudaka. Mchezaji akiudaka mpira uliopigwa kwa mguu ukasafiri angalau mita 15, na haukugusa ardhi wala mtu mwingine njiani, mchezo unasimama kwa ajili yake: anapewa nafasi ya kupiga bila kubughudhiwa. Ndiyo roho ya futi. Wanaruka hadi magoti yanatua mabegani mwa wenzao ili wadake. Nikasema tukiite kitendo hicho mdako. Dada wa Bukavu hakulijua neno hilo, lakini mama mmoja wa Tanga alipolisikia macho yalimng'aa. Mdako kwetu ni mchezo wa wasichana: mnakaa chini, kijishimo cha vijiwe katikati, unarusha kete juu, unachota vijiwe, unaidaka kete kabla haijaanguka. Akakusanya vifuniko vinne vya chupa mezani akatuonyesha hapo hapo. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukishuka kuchota na kupanda kudaka, macho hayaondoki juu hata mara moja, na umri wake ni zaidi ya miaka hamsini.

Hivyo ndivyo mchezaji wa futi anavyotazama. Tumeliweka neno.

Kupasiana kwa mkono kumekuwa "kupiga ngumi", kwa sababu ndivyo kulivyo: unaushika mpira kwa mkono mmoja, unaupiga kwa ngumi ya mwingine. Kuurusha kama wa kikapu ni kosa. Waliocheza rede watajisahau mwanzoni.

Mei 20

Sehemu ya kwanza imeandikwa. Usiku wa Ijumaa, tarehe 3 Februari 2017, Carlton na Collingwood.

Nimeanzia nje ya uwanja, sikuanzia ndani. Mechi ilipangwa kuchezwa kwenye uwanja mdogo wa Olympic Park, wakaihamishia Princes Park walipoona watu wanavyoiulizia. Kiingilio bure. Hata huko Princes Park pakajaa: watu 24,568 ndani, milango ikafungwa, maelfu wamebaki nje. Mkuu wa AFL (ligi ya wanaume, inayoendesha pia AFLW) wa wakati huo, Gillon McLachlan, alitoka mwenyewe kuwaomba radhi waliokosa kuingia. Kwa miaka mingi wanawake waliambiwa kwamba hakuna atakayekuja kuwatazama. Nimetaka msikilizaji asimame kwanza kwenye foleni ile, ameshika mkono wa mtoto, asikie kelele za ndani asizoweza kuzifikia, ndipo nimwingize uwanjani.

Goli la kwanza la ligi lilifungwa na Jasmine Garner wa Collingwood. Baada ya hapo Collingwood hawakupata goli lingine usiku mzima. Goli 1 kando 5, pointi 11. Carlton 46, na manne kati ya magoli yao saba ni ya Darcy Vescio, ambaye hadi msimu unakwisha alikuwa amefikisha 14, mengi kuliko mtu yeyote. Kijana alitaka tuanze na Vescio kwa kuwa ndiye aliyeshinda. Nimemwomba tumwache Garner atangulie. Waliomtangulia wamecheza miaka mingapi bila ligi, naye akawa wa kwanza kuuandika ubao. Kufungwa hakulifuti goli hilo.

Kuna jambo nililigundua nikisoma habari za uwanja huo. Ligi ya wanaume ya jimbo letu la Victoria, VFL, ambayo ndiyo mama wa AFL, ilianza 1897, nayo kwa timu nane. Mechi ya kwanza ya ligi hiyo kuchezwa Princes Park ilikuwa Juni 22, 1897, Carlton na Collingwood. Miaka 120 kati ya msimu wa kwanza wa wanaume na wa kwanza wa wanawake, nyasi zile zile, majina yale yale. Nimeliweka katika dakika ya mwisho ya sehemu ya kwanza, bila maelezo mengi.

Mei 27

Kurekodi kumegonga mwamba. Ukumbi tulioahidiwa tuliukuta umepewa watu wengine, wana sherehe, muziki umewashwa. Tukarekodi kwenye gereji ya jirani, mvua ikaanza. Bati la gereji lilimeza nusu ya maneno ya dada. Kijana amejitahidi kuyatoa, haikuwezekana. Tutarudia Jumanne, ndani ya gari langu, madirisha yamefungwa. Tumelijaribu leo kwa dakika tano: viti vya nguo vinanyonya mwangwi vizuri kuliko ukumbi wowote.

Juni 5

Sehemu ya kwanza imetumwa. Nilitarajia waulize sheria, wakauliza mshahara. Karibu wote! Wanacheza saa ngapi, watoto wanabaki na nani, wanalipwa nini?

Basi sehemu ya pili imebadilika yote. Nilikuwa nimeandika raundi ya kwanza mechi kwa mechi: Bulldogs wakiwafunga Fremantle hapa hapa Whitten Oval, Footscray, mahali ambapo wengi wetu tunapita kwa treni kila siku, Brisbane wakiwashinda Melbourne kule Casey Fields katika mvua. Nimeyabakiza kwa ufupi. Kilichobaki ni pesa na kazi.

Mikataba ya msimu ule ilikuwa ya ngazi tatu. Wale nyota wachache wa kila timu, dola 27,000 za Australia. Ngazi ya kati 12,000. Waliobaki, ambao ndio wengi, 8,500. Hiyo ni ya msimu mzima pamoja na maandalizi yake. Ilipofika zamu ya kuisoma, dada alisimama kusoma akapiga hesabu ya kodi ya nyumba yake. Pesa hizo hazimtoshi mtu kuacha kazi, kwa hiyo hawakuacha kazi. Bec Goddard, kocha wa Adelaide, alikuwa askari polisi. Daisy Pearce, nahodha wa Melbourne na labda jina kubwa kuliko yote katika futi ya wanawake wakati ule, alikuwa mkunga.

Neno mkunga limefanya kazi ambayo kurasa zangu tatu hazikuifanya. Kundini wakaanza kuandika, mmoja baada ya mwingine, kuhusu wakunga waliowazalisha, Kigoma, Uvira, Mombasa. Mama mmoja amesema tangu leo yeye ni wa Melbourne, hataki kusikia timu nyingine. Ananiuliza kila siku kama mkunga ameshinda.

Juni 16

Sehemu ya tatu inarudi nyuma, maana wengi walidhani wanawake walianza kucheza 2017. Hapana. Wafanyakazi wa kike wa duka la Foy & Gibson mjini Perth walikuwa wakicheza 1915, vita ikiendelea. Victoria ilipata ligi yake ya wanawake 1981, timu nne. Ligi zilikuwepo, televisheni na malipo ndivyo havikuwepo.

Nimempa nafasi kubwa Penny Cula-Reid. Akiwa msichana alicheza pamoja na wavulana hadi alipoambiwa umri wake hauruhusu tena. Yeye na wenzake wawili, Emily Stayner na Helen Taylor, wakalipeleka jambo hilo kwenye baraza la kisheria la Victoria, na uamuzi wa 2004 ukawafungulia wasichana mlango hadi umri wa miaka 14. 2017 Cula-Reid yumo kwenye kikosi cha Collingwood. Binti yangu ana miaka kumi na mitatu. Nilimsomea ukurasa huu kabla ya kuupeleka kwa dada. Akaniuliza wale watatu walikuwa na umri gani walipokwenda kushtaki, nikamwambia wa kwake hivi. Akanyamaza, akanyoosha mkono nimpe karatasi asome mwenyewe.

Juni 29

Sehemu ya nne ni ya Fremantle, na nimeiandika mara tatu.

Katika kikosi chao cha 2017 alikuwamo Akec Makur Chuot, mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Afrika kucheza ligi hii. Alizaliwa Sudan, akaishi katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kabla ya kufika Perth 2005. Fremantle hawakuwa na msimu mzuri, walikuwa miongoni mwa timu za chini kabisa, lakini kwa wasikilizaji wetu hakuna sehemu inayowagusa kama hii.

Rasimu ya kwanza nilimpa mama mmoja wa kundi aliyeishi Kakuma miaka tisa. Niliandika "jangwa" na "mateso", nikapita. Akairudisha, akasema kwa upole, "Mwanangu, hapa umeandika mahali ambapo mtu hawezi kuishi, na sisi tuliishi." Nilikaa naye jikoni kwake mchana mzima. Akanieleza mto Tarach unavyokauka miezi mingi ukabaki mchanga mtupu, kisha mvua ikinyesha mbali huko juu unashuka kwa ghafla na kubeba kila kitu. Foleni ya mitungi ya maji ya njano, kila mtungi na alama yake ya rangi ili usipotee. Vumbi la alasiri linaloziba jua. Na uwanja wa mpira, daima uwanja wa mpira, na wavulana tangu alfajiri. Wasichana? Wasichana walikuwa kwenye foleni ya maji.

Nikaiandika upya. Sijadai kwamba Akec alikuwa mmoja wa wale wa foleni, sijui maisha yake ya kila siku na si haki yangu kuyatunga. Nimepaeleza mahali, kwa maneno ya mama huyu aliyepaishi, kisha nikamtaja Akec akiwa na jezi ya zambarau ya Fremantle. Dada alipofika kwenye mitungi sauti ilimkatika. Kijana alitaka akate pale. Tumemzuia.

Julai 8

Hesabu za msimamo. Hii sehemu ya tano nilidhani itanitoka kwa saa moja, imechukua siku nne.

Brisbane hawakufungwa katika raundi saba: ushindi sita, sare moja. Wakakaa juu. Adelaide na Melbourne kila mmoja ameshinda tano na kufungwa mbili, pointi sawa, na nafasi ya fainali ni moja. Waliozoea mpira wa miguu watatoa magoli ya kufungwa kwenye magoli ya kufunga. Futi haifanyi hivyo. Unachukua pointi zote ulizofunga, unagawanya kwa zote ulizofungwa, unazidisha kwa mia. Wanaiita asilimia.

Mwekahazina wa kikoba chetu ndiye aliyeniokoa. Alisema: wachuuzi wawili, mmoja ametumia elfu kumi akapata kumi na tano, mwingine ametumia elfu hamsini akapata hamsini na tano. Faida yao ni sawa, elfu tano. Je, biashara zao ni sawa? Kila mtu alielewa papo hapo. Futi inampenda yule wa kwanza, anayefungwa kidogo. Kwa hesabu hiyo Adelaide wakapita, Melbourne wakabaki.

Yule mama shabiki wa mkunga hajanijibu ujumbe tangu jana.

Julai 21

Fainali. Sehemu mbili za mwisho nimezifanya moja ndefu, dakika kumi na tisa, kwa hiyo zitakuwa sehemu sita badala ya saba.

Brisbane ndio waliokuwa juu, basi ilikuwa haki yao kucheza nyumbani, Gabba. Nyasi za Gabba hazikuwa tayari. Fainali ikapelekwa Carrara, Gold Coast, mwendo wa saa moja kusini. Watu 15,610. Adelaide nao walikuwa na umbali wao: baadhi ya wachezaji wao walikuwa Darwin na wakifanya mazoezi huko, kilomita kama 3,000 kwa barabara kutoka kwa wenzao, kwa sababu timu iliundwa kwa ushirikiano na Northern Territory, eneo lenye Darwin. Timu iliyofanya mazoezi katika miji miwili inaikabili timu isiyofungwa.

Na alikuwepo Erin Phillips. Binti wa Greg Phillips aliyecheza futi ya wanaume. Mwenyewe akakua akiupenda mchezo huu, umri ulipofika wa kuzuiwa akahamia mpira wa kikapu, akafika hadi Marekani, akatwaa ubingwa wa WNBA mara mbili, 2012 na Indiana Fever na 2014 na Phoenix Mercury. Futi ilipomfungulia mlango alikuwa na zaidi ya miaka thelathini. Siku ya fainali alichaguliwa mchezaji bora wa mechi, na msimu mzima akawa bora wa ligi. Miaka yote ile mchezo wake wenyewe ulikuwa ukimkosa.

Matokeo: Adelaide 35, Brisbane 29.

Dada alikuwa ameshawasha kinasa sauti nikamwambia asubiri. Nilikuwa nimeandika jumla tu, bila mchanganuo, na sasa nikautazama. Adelaide goli 4 kando 11. Brisbane goli 4 kando 5. Magoli ni sawa sawa! Ubingwa wa kwanza wa ligi ya wanawake umeamuliwa na kando sita, zile pointi za huruma, za kumfuta mtu machozi. Nikafungua daftari la Mei nikawaonyesha neno la bibi. Tumezima kinasa, tukaenda hadi nyumbani kwake, tukamsomea yeye wa kwanza, sebuleni, televisheni imezimwa kwa heshima yetu. Alisikiliza hadi mwisho mikono mapajani. Kisha akasema tuisome tena hesabu, pole pole, na safari hii akahesabu mwenyewe kwa vidole, kando moja moja.

Agosti 2

Zote sita zimetumwa. Uwanjani Jumamosi nimesikia "mdako!" mara tatu kutoka upande wa akina mama, na mara moja kutoka kwa baba Mwaustralia aliyesimama karibu nao, ameuliza maana yake na kuliokota.

Kazi iliyobaki: kurekebisha sauti ya sehemu ya pili, ina mlio wa indiketa ya gari ambao hatukuusikia.

Mama wa mkunga amerudi. Hataki mradi uishie 2017, anataka kujua kama Daisy Pearce alikuja kulishika kombe. Nimemtafutia. Ndiyo, Novemba 2022, Melbourne dhidi ya Brisbane, huko huko Queensland, pointi 19 kwa 15, yeye nahodha. Nikamtumia na mchanganuo wake: Melbourne goli 2 kando 7, Brisbane goli 2 kando 3.

Amejibu kwa ujumbe wa sauti wa sekunde nne, vigelegele vitupu. Ameutuma pia kwa bibi.